Neno "Imekwisha" katika Kazi ya Programu za Kompyuta

Mlaji wa leo hanunui tu programu za kompyuta zilizokwisha kutengenezwa. Mara nyingi huagiza yake mwenyewe. Mwenye duka la dawa huagiza programu ya kutunza hesabu ya dawa zake. Chama cha akiba na mikopo huagiza mfumo wa kurekodi hisa na marejesho ya wanachama. Shule huagiza mfumo wa ada na matokeo. Kazi hizi hufanywa na timu ndogo za mafundi watatu au wanne, na fedha inayolipwa aghalabu ni akiba ya miaka kadhaa. Ugomvi unaozuka baadaye kati ya mteja na timu kwa kawaida hauhusu programu ambayo haikutengenezwa kabisa. Huhusu neno moja. Timu imesema kazi imekwisha, mteja amelipa, kisha akagundua kwamba alichokielewa yeye kwa neno hilo sicho walichokikusudia wao.

Neno hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Fundi cherehani akikuambia nguo imekwisha, unaivaa mbele yake na kuona pindo lililolegea au kifungo kisichokuwepo. Programu haipimiki hivyo. Vitufe vyote vinaweza kuonekana mahali pake kwenye kioo cha simu, rangi zikapendeza, na bado nyuma ya kioo hicho malipo yakawa yanahesabiwa mara mbili pindi mtandao unapokatika. Mlaji anahitaji kipimo kingine zaidi ya jicho lake. Kipimo hicho kipo, na mafundi wa programu wenyewe ndio waliokitunga kwa matumizi yao. Makala haya yanaeleza kilivyo, na namna ambavyo mteja asiye mtaalamu anaweza kukidai.

Timu hizi zinavyofanya kazi

Zamani programu iliagizwa kama nyumba. Ramani yote ilichorwa kwanza, ujenzi ukafuata, na mteja akakabidhiwa ufunguo mwishoni. Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba kosa la ramani liliweza kugunduliwa baada ya mwaka mzima, fedha ikiwa imekwisha kutumika. Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa hati fupi yenye misimamo minne, ikifuatiwa na kanuni 12. Mtindo waliouelekeza huitwa ajaili, yaani wepesi wa kugeuka mahitaji yanapogeuka. Mojawapo ya kanuni hizo husema kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Wingi wa michoro na taarifa za maendeleo hauchukui nafasi yake.

Utaratibu wa ajaili unaojulikana zaidi ni Skramu. Mwongozo wake uliandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ukatolewa mara ya kwanza mwaka 2010 na kurekebishwa mara kadhaa hadi toleo la mwaka 2020. Kwa mujibu wa mwongozo huo, kazi hugawanywa katika awamu zisizozidi mwezi mmoja kila moja, na mwishoni mwa awamu mteja na wadau wengine huonyeshwa kilichokamilika. Timu nyingi huchagua awamu za wiki mbili.

Kwa mlaji, utaratibu huu una faida iliyo wazi: haachwi gizani mwaka mzima akisubiri. Lakini una hatari yake pia, nayo haielezwi mara nyingi. Katika utaratibu wa zamani mteja aliambiwa "imekwisha" mara moja. Katika awamu za wiki mbili ataambiwa hivyo mara kumi au ishirini. Iwapo kila mara timu imeacha kipande kidogo nyuma (jaribio ambalo halikufanywa, ujumbe wa kosa ambao haukuandikwa, hesabu ambayo haikuhakikiwa), vipande hivyo hulimbikizana. Mwaka 1992 Ward Cunningham, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wale 17, alilinganisha hali hii na kukopa: unapata kitu haraka leo, lakini riba huendelea kulipwa kila unapotaka kubadilisha chochote. Mteja hulioni deni hilo siku ya maonyesho. Huliona mwezi wa sita, pale badiliko dogo la siku moja linapochukua wiki tatu na bei yake kupanda.

Fasili ya Ukamilifu

Ili kuzuia limbikizo hilo, Skramu inaitaka kila timu iwe na maelezo rasmi ya hali ambayo kazi lazima iwe imefikia ndipo iitwe imekwisha. Tunayaita hapa Fasili ya Ukamilifu. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja tu, na masharti yake huhusu kila kipande cha kazi, kikubwa kwa kidogo, bila kujali kinafanya nini. Kama kampuni ina kiwango chake cha jumla, timu zake zote zinalazimika kukifikia kama kiwango cha chini, ingawa timu yoyote inaweza kujiwekea kikali zaidi.

Jambo la kuzingatia hapa ni ukali wa kanuni yenyewe. Kipande ambacho hakijatimiza Fasili hakiruhusiwi kutolewa kwa watumiaji, wala kuonyeshwa katika kikao cha mwisho wa awamu. Hurudishwa kwenye orodha ya kazi zinazosubiri. Hakuna robo tatu wala asilimia 90. Ama kimekwisha, ama hakijaisha. Mlaji aliyezoea kusikia "bado kidogo tu" ataona mara moja thamani ya sharti hilo, kwa maana ile asilimia kumi inayobaki ndiyo mara nyingi inayobeba kazi ngumu: usalama, makosa ya watumiaji, na kuhamisha kumbukumbu za zamani kutoka kwenye daftari.

Swali la kwanza, basi, ambalo mteja anapaswa kuiuliza timu kabla ya kutia sahihi ni hili: "Fasili yenu ya Ukamilifu iko wapi, naomba niisome." Timu iliyozoea kazi yake italitoa karatasi hilo bila kusita. Timu inayojibu kwamba ubora wake unajulikana na kila mtu inakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wateja wengi huchanganya Fasili hiyo na matakwa yao mahususi, na mkanganyiko huu umewagharimu wengi. Chukua mfano wa duka la dawa. Mwenye duka anataka programu imwonye siku 90 kabla ya dawa kuisha muda wake. Hilo ni takwa mahususi la kipande kimoja, nalo linapaswa kuandikwa kwa namna inayoweza kujaribiwa: dawa ya aina fulani yenye tarehe fulani ikiingizwa, onyo litokee siku fulani, kwenye simu ya mfamasia, kwa Kiswahili. Fasili ya Ukamilifu haisemi lolote kuhusu dawa. Husema kwamba kipande hicho, kama vingine vyote, kimesomwa na fundi wa pili asiyekiandika, kimejaribiwa, hakikuharibu kilichokuwepo, na kimewekwa mahali ambapo mteja anaweza kukitumia. Vyote viwili vinahitajika. Onyo linaweza kutokea siku ile ile uliyoitaka na bado likatoka kwenye programu ambayo haijajaribiwa vya kutosha. Na programu iliyojaribiwa kwa uangalifu mkubwa inaweza kukosa onyo kabisa kwa sababu hukuliandika.

Mambo ya kudai yawemo

Mlaji hana haja ya kuiandikia timu Fasili nzima. Masharti mengi ni ya kiufundi na ni vema wenyewe wayajue. Yapo, hata hivyo, machache ambayo mafundi huyasahau kwa sababu wao hawataishi na programu hiyo, na hayo mteja anapaswa kuyasimamia mwenyewe.

La kwanza ni mahali pa majaribio. Programu iliyojaribiwa ofisini, kwenye kompyuta mpya na intaneti ya kasi, bado haijajaribiwa kwa ajili yako. Taka iandikwe kwamba kila kipande kitajaribiwa kwenye aina ya simu ambazo watumiaji wako wanazo kweli, pamoja na ile ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, na mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Kinachohusu fedha kijaribiwe pia kwa kukatwa katikati. Mwanachama ametuma rejesho kwa simu, ujumbe wa kampuni ya simu umefika, lakini umeme umezimika kabla mfumo wa chama haujaandika: je, atakutwa amelipa, hajalipa, au amelipa mara mbili? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kompyuta linalokosea kimya ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa watu huliamini.

La pili ni kwamba kilichofanya kazi jana kiendelee kufanya kazi leo. Katika awamu fupifupi, kila nyongeza huwekwa juu ya zilizotangulia, na nyongeza ya mikopo inaweza kuharibu stakabadhi zilizokuwa zikitoka vizuri mwezi uliopita. Timu makini huwa na majaribio yanayojiendesha yenyewe kila msimbo unapobadilishwa. Huhitaji kuyaelewa. Inatosha kuuliza kama yapo, na kuomba uonyeshwe matokeo yake ya siku hiyo.

La tatu huonekana dogo, nalo si dogo: kuwekwa mahali pake. Kipande kilichokamilika kwenye kompyuta ya fundi hakijakamilika kwako. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya. Ilikuwa imewekwa kwenye seva saba. Ya nane ilisahauliwa, ikabaki na msimbo wa zamani. Kwa muda wa dakika 45 hivi seva hiyo ilifyatua maagizo ya kununua na kuuza yasiyokusudiwa, na hasara ikapita dola milioni 440. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliungana na nyingine. Programu mpya ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuhakiki kwamba imefika kila ilikopaswa kufika. Mfumo wa shule hautapoteza mamilioni ya dola, lakini shule yenye kompyuta tatu, moja ikiwa na toleo la zamani, itatoa orodha mbili za wadaiwa wa ada, na mzazi aliyelipa atarudishiwa mtoto nyumbani.

Nakala za akiba nazo zinastahili maneno yao. Timu nyingi husema kwamba mfumo hunakili kumbukumbu kila usiku. Ulizo sahihi ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilirejeshwa na ikasomeka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Kuhusu taarifa za watu, mteja asidhani kwamba wajibu umehamia kwa mafundi. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtambua anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani kuwa mkusanyaji, na anayezishughulikia kwa niaba yake kuwa mchakataji. Chama au zahanati iliyoagiza mfumo ndiyo mkusanyaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yenye mgawanyo unaofanana na huo. Hivyo ni haki yako kutaka Fasili iseme kwamba hakuna kipande kitakachohesabiwa kimekwisha ikiwa kinaonyesha namba ya kitambulisho, ugonjwa au deni la mtu kwa asiyehusika. Taka pia majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni, si kwa orodha halisi ya wanachama wako iliyonakiliwa kwenye kompyuta za mafundi.

Mwisho ni funguo. Timu ndogo huvunjika: mmoja hupata ajira, mwingine huhama mji. Anwani ya tovuti, iwe inaishia na .co.tz au vinginevyo, isajiliwe kwa jina lako. Maneno ya siri ya msimamizi, akaunti ya seva inayolipiwa kila mwezi, na msimbo chanzo wenyewe viwekwe mahali unapoweza kuvifikia bila kuomba ruhusa, na viwekwe hivyo tangu awamu ya kwanza. Anayesubiri kukabidhiwa funguo siku ya mwisho huzipata pale tu anapokubali lolote atakaloambiwa. Umiliki wa msimbo na haki ya kuuendeleza kwa kutumia fundi mwingine viandikwe katika mkataba kwa maneno ya wazi.

Malipo

Mikataba mingi ya programu hulipwa kwa tarehe au kwa asilimia: nusu mwanzo, robo mwezi wa pili, robo mwisho. Utaratibu huu humlipa fundi kwa kupita kwa siku. Ni afadhali malipo yafungwe kwenye vipande vilivyotimiza Fasili. Mkataba uambatishwe na Fasili hiyo kama kiambatisho chenye tarehe, na useme kwamba malipo ya kila awamu yatafanywa kwa vipande vilivyotimiza masharti yake na kukubaliwa na mteja, na kwamba Fasili haiwezi kulegezwa bila maandishi ya pande zote mbili. Kiasi fulani cha mwisho, kama ilivyo desturi katika ujenzi, kinaweza kuzuiliwa kwa miezi miwili au mitatu ya matumizi halisi. Kisiwe kikubwa mno. Timu yenye njaa huikimbilia kazi ya mteja mwingine, na hapo aliyebana sana ndiye hupoteza.

Baadhi ya timu hudai kwamba ajaili na mikataba haviendi pamoja, kwa hoja kwamba hati ya mwaka 2001 inathamini kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Ni kweli hati inasema hivyo. Hati hiyo hiyo inasema pia kwamba vitu vya upande wa pili, mkataba ukiwemo, vina thamani yake. Kushirikiana bila maandishi hupendeza mpaka siku ya kwanza ya kutoelewana.

Wajibu hauko upande mmoja. Mteja ambaye hahudhurii kikao cha mwisho wa awamu, au humtuma mtoto wa ndugu yake asiyejua kazi ya duka, hana msingi mzuri wa kulalamika baadaye kwamba hakushirikishwa. Maswali ya mafundi yajibiwe mapema, kwani mafundi wasiojibiwa hukisia. Aidha, kubadili nia si dosari ya programu. Ukitaka onyo la dawa litokee siku 60 kabla badala ya 90 baada ya kipande kukubaliwa, hiyo ni kazi mpya, na ni haki ya timu kuilipisha.

Tahadhari nyingine ni kwa upande wa mlaji mwenye bidii kupita kiasi. Fasili yenye masharti 60 haitafuatwa. Itatiwa alama za vema haraka haraka jioni ya siku ya mwisho. Masharti kumi yanayohakikiwa kweli yana faida kubwa zaidi. Wala Fasili haiahidi programu isiyo na dosari hata moja, kwani programu ya namna hiyo haipo. Inaahidi kwamba dosari zilizobaki ni zile ambazo uangalifu wa kawaida haukuweza kuziona, na kwamba hakuna iliyofichwa kwa kujua.

Kutoelewana kukitokea

Ukikuta kipande ulichokilipia hakifanyi kazi, usianze kwa simu ya hasira. Andika tarehe na saa, ulichobonyeza, ulichotarajia na kilichotokea. Piga picha ya kioo. Kisha chukua Fasili na takwa mahususi la kipande hicho, uone ni sharti lipi halikutimizwa, na ulitaje kwa namba yake. Malalamiko ya kwamba "mfumo ni mbovu" hubishaniwa mwezi mzima. Malalamiko ya kwamba sharti la nne, la kujaribu malipo yanayokatika, halikutimizwa katika kipande cha rejesho la mkopo huhitaji jibu moja tu: timu ionyeshe matokeo ya jaribio hilo, au ikiri kwamba halikufanywa. Ikiwa halikufanywa, kipande kilikuwa hakijaisha, nao wanapaswa kukirekebisha bila malipo ya ziada. Ikiwa hakuna sharti lolote lililovunjwa, elewa kwamba huenda unaomba kazi mpya, na mazungumzo yawe ya namna hiyo.

Iwapo timu ilidai kwa maneno au kwa tangazo kwamba kazi imetimiza kiwango ambacho haikukitimiza, suala hilo linaweza kuvuka mipaka ya mkataba wenu. Nchini Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kabla ya kufika katika mamlaka husika, ipe timu barua yenye kueleza sharti lililovunjwa, ushahidi wako, na muda wa kurekebisha, kwa mfano siku 14. Andaa nakala mbili, na yako isainiwe na mpokeaji pamoja na tarehe ya kupokelewa. Mkataba, Fasili ya Ukamilifu na stakabadhi za malipo viambatishwe kwa pamoja, kwa kuwa bila Fasili iliyoandikwa mpokea malalamiko atabaki na neno lako dhidi ya neno lao.